Bata Niliyemkata Bawa

Nilisafiri kwa sababu ya aibu. Miaka nenda rudi nauza kuku na bata hapa Kariakoo, na tenga likishuka kutoka mkoani, kazi ya kwanza ni mkasi. Ukikata manyoya ya bawa moja, ndege akijaribu kuruka anapinda upande, anaanguka. Siku hiyo nilikata huku napiga soga na jirani yangu wa kibanda, Mangi. Wa mwisho alipopiga mluzi ndipo nikamtazama: uso mweupe, shingo ndefu.

"Mama Zuhura, umemkata bata wa porini!" Mangi akasema.

Siku tatu alikaa uani kwangu Magomeni, jicho mbinguni, anapiga mluzi. Jamani, niliumia. Mteja mmoja akanielekeza hifadhi ya ndege wa majini, nje ya mji. Nikasema nampeleka akaruke na wenzake.

Alfajiri nilipanda mwendokasi, bata kikapuni, nimemfunika kanga. Mara, mluzi! Abiria wakageuka.

"Simu yangu hiyo," nikasema. Basi zima likacheka.

Kutoka Kimara nilichukua basi la mkoani, kisha bodaboda, vumbi tupu mpaka matete yalipoanza.

Saa nne nilikuwa ukingoni mwa bwawa. Maji yalikuwa yametulia, mbingu imelala ndani yake, na mayungiyungi yanaelea humo katikati ya mawingu. Sikujua kama niko macho. Halafu ikaja miluzi, mingi, ileile ya uani kwangu. Kikapu kikatikisika, bata wangu akaitikia. Machozi yakanitoka.

"Shikamoo mama." Alikuwa Neema, binti anayetunza ndege pale.

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mwenzao."

Akalikunjua bawa taratibu. "Nani kamkata?"

Nilitaka kuwasingizia watu wa mkoani. Ulimi ukagoma. "Mimi."

Akalikunja tena bawa. "Leo haruki, mama. Tukimwachia hivi, ataliwa. Akae hapa mpaka abadilishe manyoya."

"Yataota?"

"Yanaota. Ila wengine wakiletwa hapa wanagoma kula."

Akamweka kwenye kidimbwi chenye uzio wa wavu, akamwagia mtama. Bata akaupa mgongo. Niliketi kwenye nyasi nikimbembeleza kama mtoto mgonjwa, upepo ukipita kwenye matete, usingizi ukija na kuondoka. Hata punje moja hakugusa. Nilimwachia Neema namba yangu ya simu.

Jioni nilirudi mjini na kikapu kitupu. Nilishuka Gerezani, nikatembea polepole hadi sokoni, na zile kelele zote nikazisikia kwa mbali, kama zinatoka chini ya maji.

Siku hizi tenga likishuka, namtazama kila ndege usoni kwanza. Mangi ananicheka, eti nawafanyia usaili. Acha acheke.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, mkasi mkononi, simu ikaita.

"Mama, wako kaondoka leo na kundi," Neema akasema. "Nilikuwa namwekea mtama, akaruka juu ya kichwa changu."

"Karuka sawasawa? Hakupinda?"

"Hakupinda, mama."

Nikakaa chini palepale, katikati ya matenga.