Muuzaji Asiyenuna

Mpe mume wangu kipande cha pazia akiwa amefumba macho. Atakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, atachomoa uzi mmoja, atauwasha kwa kiberiti, ataunusa, kisha atakwambia kama ni pamba au ni plastiki inayojifanya pamba. Wauzaji wa jumla wa mtaa wetu hapa Kariakoo wanamjua. Akiingia dukani kwao wanasukumia marobota mabovu nyuma, kama mtu anavyoficha sufuria chafu mgeni akibisha hodi. Ndiyo maana nasimulia habari hii kwa raha kidogo, Mungu anisamehe. Mtu huyo huyo nilimkuta siku moja nyuma ya kaunta yetu, anaitabasamia simu, amebakiza kidogo tu anunue gari ambalo halipo duniani.

Gari lilikuwa kwa ajili ya mama. Nasema mama yake, mkwe wangu, ambaye tunaishi naye kwenye fleti yetu ya Mchafukoge tangu nyonga ilipomlaza ikabidi aletwe mjini kutibiwa. Nyonga ilipona nusu. Akawa anatembea kwa fimbo, anashuka ngazi huku anazungumza nazo, na basi la mkoani hakuliweza tena. Kukaa kutwa nzima mguu umekunjwa kulimtoa machozi hata kwa kufikiria. Na sisi ni watu wa Kilimanjaro. Mtu wa kwetu haulizwi Desemba anaenda wapi. Tunafunga maduka, tunawaachia wenye mji mji wao, tunapanda mlimani kula Krismasi kwenye migomba yetu. Mama alikuwa amekosa Krismasi mbili. Mume wangu alikwenda na watoto, mimi nikabaki naye, na waliporudi na mkungu wa ndizi za nyumbani aliupapasa muda mrefu kabla ya kuruhusu ukatwe.

Mwanawe akamwahidi. "Mama, mwaka huu unaenda na gari, umenyoosha mguu kama malkia."

Mama ana ulimi. "Usijisumbue, baba," akamjibu. "Nikifa tu gari litapatikana siku hiyo hiyo."

Alisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Kwetu mtu hazikwi mjini. Akifia Dar, hata kama alikuwa hana nauli ya basi, kesho yake watu wamekaa kikao, michango imeingia, magari yamepangwa msafara mpaka kihambani kwake, kwenye migomba ya baba zake. Wafu wetu wanasafiri vizuri kuliko wazima. Mume wangu alicheka aliposikia maneno ya mama, lakini chai yake hakuimaliza.

Basi akaanza kuwinda gari mtandaoni. Kila mteja akitoka, simu. Kila nikigeuka kukata kitambaa, simu. Mpaka siku hiyo aliponiita kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu: "Mama watoto, njoo uone kitu."

Nikaona. Gari la kijivu, safi, viti vinalala, bei yake ya kushangaza. Picha zilikuwa nyingi. Katika moja lilikuwa limeegeshwa kwenye barabara yenye unyevu, nyuma kuna miti mirefu ambayo mimi Dar sijaiona, wala hata kwetu mlimani. Katika nyingine mtu ameziba namba ya gari kwa kidole chake. Katika ya tatu nikatazama ndani, nikatazama tena.

"Usukani uko kushoto," nikamwambia.

"Kamera imegeuza. Hizi kamera za mbele zinageuza."

"Imegeuza gari, ikaacha maandishi ya redio yanasomeka?"

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. Akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wateja wageni, kwamba hata mapazia yetu yote tunaagiza kwa picha kutoka ng'ambo na hatujawahi kupigwa. Ni kweli. Ila nikamkumbusha kwamba anayetutumia zile picha ni mtoto wa jirani yetu wa kule nyumbani, tunajua mama yake anauza ndizi soko lipi, na akitula tunajua pa kwenda kukaa mpaka kieleweke. Huyu wa gari kwao wapi?

"Ni mtumishi. Amehamishiwa Dodoma ghafla, mke wake anaumwa. Gari liko kwenye yadi karibu na bandari. Anataka hela ya kushikia tu, maana kuna mteja mwingine yuko njiani." Akashusha sauti. "Halafu ni mtu wa Mungu. Nimemshusha bei, hata hakubisha."

Nataka mjue kwamba kila mwenye simu nchi hii ameshapata ule ujumbe wa mtu asiyemjua, anayemwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Mume wangu huwa anatusomea kwa sauti dukani, tunacheka, anauliza ni mjinga gani anayetuma. Sasa alikuwa na ujumbe mrefu zaidi, wenye Mungu ndani na picha za gari, na alishaandika namba ya kutumia hela. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni shemeji yake muuzaji.

Mimi sijui magari. Sijui injini inaanzia wapi. Lakini nimekaa kwenye kaunta ya Kariakoo tangu ujana wangu, na maneno yale mawili, hata hakubisha, yaliniwasha masikioni.

Kwa mtu asiyetufahamu nieleze kidogo. Hapa kwetu mnunuzi anayejiheshimu haanzi na bei ya haki. Anaanza na bei ya matusi. Anaitupa mezani makusudi, kisha anatazama uso wa mwenye mali. Mwenye mali lazima anune. Anakunja kitambaa chake taratibu, anakwambia dada yangu, hapo hata mtaji haurudi, anageukia mteja mwingine kana kwamba umekufa. Ule mnuno ndio risiti ya kwanza. Unakwambia kwamba mali ipo, ilinunuliwa, na inamuuma kuitoa. Mume wangu ni bingwa wa kununa. Nimewahi kumwona ananuna mpaka mteja anaomba radhi, kisha analipa.

Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikamwandikia yule muuzaji. Nikamwambia mambo, nimelipenda gari. Nikamtajia bei ambayo huwezi kupatia pikipiki iliyokwisha tairi.

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini. Sawa dada yangu, naona una moyo mzuri, tuma ya kushikia.

Shetani akanipanda. Nikamwandikia kwamba hata hiyo sina yote, nusu nitamlipa kwa mapazia.

Akaniuliza nina rangi gani.

Nikaiweka simu mbele ya mume wangu, juu ya kitambaa alichokuwa anapima. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, midomo inatembea. Gari ni lile lile, miti ni ile ile, kidole ni kile kile.

"Labda ana shida sana," akasema.

"Ana shida. Shida yake ni kwamba hujatuma."

Nilikuwa tayari kucheka mpaka jioni. Nilishaandaa na maneno ya kuwaambia majirani. Lakini akafuta ile namba polepole, akakaa kwenye robota, akasema kwa sauti ndogo, "Hajanuna. Watu wawili wamemtukana bei, hajanuna." Kisha akasema jambo lililonikata kicheko. "Nilishamwambia mama."

Nyumbani nikaona kwa macho yangu. Kwenye kamba ya baraza, katikati ya joto la Dar ambalo shuka inakauka kabla hujamaliza kuianika, lilikuwa linaning'inia sweta la mama. Lile zito la rangi ya damu ya mzee, la baridi ya mlimani. Alikuwa amelitoa kwenye sanduku, akalifua kwa mkono wake, akalianika. Mume wangu alisimama chini yake kama mtoto aliyevunja chungu. Akamweleza mama kwamba gari lile limekuwa la matapeli, avumilie.

Sikupenda kumtazama uso. Nilitegemea ulimi wake, nikautamani hata. Mama akajivuta na fimbo yake mpaka barazani, akalitoa sweta kwenye kamba likiwa bado na unyevu, akalikunja.

Kuanzia hapo mume wangu aligeuka. Aliwarudia wauzaji wa mtandaoni mmoja mmoja, akawa anawatupia bei ya matusi, kwa moyo wote. Aliyejibu sawa kaka, alimfuta. Aliyeleta habari za kuhamishwa, za ugonjwa, za mteja aliye njiani, alimfuta. Aliyemtukana, alimpigia simu kwa furaha. Nilikuwa nikimsikia nyuma ya duka akiitwa mwenda wazimu, anashukuru.

Ndipo akampata nesi mmoja mstaafu wa Ilala. Picha zake zilikuwa mbaya. Gari limepigwa picha uani, nyuma kuna ndoo na nguo zimeanikwa, namba inasomeka yote. Mume wangu akatupa bei yake. Nesi akajibu: Kama hela huna kapande mwendokasi.

"Huyu ana gari!" mume wangu akapiga kelele, wateja wakageuka.

Tukaenda Jumapili baada ya misa. Mama akasema safari hii na yeye anakwenda, maana sisi tunatazama picha. Tulimpakia kwenye bajaji taratibu, na hapo nikaona amevaa nini. Jua la saa sita, jasho linatutiririka sote, yeye amevaa sweta. Nilifungua mdomo, mume wangu akanikanyaga mguu.

Nesi alitupokea mlangoni kwake amekunja uso.

"Shikamoo mama," tukamwambia.

"Marahaba. Ndiyo ninyi wa bei ile?"

Ndiyo sisi. Fundi wetu kutoka mtaa wa Gerezani alikuwa ameshafika, amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nesi akaleta kadi ya gari na kitambulisho chake bila kuombwa. Jina lilikuwa moja, na uso wa kwenye kitambulisho ulikuwa umekunjwa vile vile. Kisha akaanza kulisema vibaya gari lake mwenyewe. Dirisha la nyuma halishuki. Ubavuni aligonga geti lake. Asubuhi likiamka linakohoa. Nilimpenda pale pale. Mtu anayetaka kukuibia hahangaiki na dirisha.

Fundi akatoka chini, akatuitikia kwa kichwa kwamba linafaa. Sasa ukaja wakati wa mume wangu. Sheria ya kwanza ya mnunuzi wa Kariakoo ni kwamba hata kama roho inakutoka, usionyeshe umependa. Akalizunguka gari huku anaguna. Akapiga tairi teke. Akasema rangi imekufa. Akasema bodi limechoka. Akaanza kujivuta kuelekea getini, polepole, apate kuitwa. Nesi naye akanuna mnuno wa hali ya juu, mikono kifuani, macho juu ya paa. Nikasogea pembeni nitazame, maana ulikuwa mchezo wa mabingwa.

Tukasikia mlango wa gari unafungwa.

Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hatukumwona alivyofika. Amesukuma kiti nyuma, amenyoosha ule mguu mbovu wote, fimbo ameilaza mapajani, na mkono wake unaupapasa mlango kwa ndani kama alivyoupapasa ule mkungu wa ndizi.

Mume wangu akaliendea dirisha mbio, akainama, akanong'ona, ila kwa hasira ya kunong'ona ambayo uani kote tuliisikia. "Mama, shuka. Unaniharibia bei. Bado tunachagua."

Mama akageuza shingo, akamtazama mwanawe bila haraka.

"Maiti ndiyo haichagui gari, baba," akasema. "Mimi bado nachagua. Nimechagua hili."

Fundi aliinama akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia mbele ya nguo za watu zilizoanikwa. Mume wangu alibaki ameshika mlango, kichwa chini, na nilifikiri pengine atanuna. Aliponyanyuka akamgeukia nesi.

"Bei ni yako, mama," akamwambia. "Ile ile ya kwanza."

Miaka yote niliyoishi naye, sijawahi kumwona analipa bei ya kwanza, hata ya mchicha. Nesi hakupunguza hata shilingi. Aliendelea kununa, akaingia ndani, akatoka na mto wa kitambaa uliofifia, akasema ni wa kiti cha mbele, yeye mwenyewe nyonga inamsumbua, na bila huo mtu hafiki mbali. Mume wangu aliupokea. Nikaona kidole gumba chake kimeanza kuisugua kona, kwa mazoea tu, kisha kikaacha.

Tulipogeuka kumpelekea mama, alikuwa ameshafunga mkanda.