Onyo Nililoliweka Mwisho
Nakiri mwenyewe kabla hamjayasikia huko mtaani Ng'ambo. Niliandika mwongozo wa programu-jalizi ya kusafisha seva ya gemu. Kwetu Tabora habari nzito haitangulii salamu, basi nikaanza na salamu, nikaweka amri ya kufuta, onyo nikaliacha mwisho.

Mwalimu Salma, aliyejenga na wanafunzi wake njia nzima ya misafara hadi Ujiji ndani ya gemu, alikuja dukani kwangu. Kila kitu kilikuwa kimefutika.

"Shikamoo, mwalimu. Tatizo watu hamsomi maelekezo," nilimwambia mbele ya wateja, nimevimba kichwa.

"Marahaba. Nimefuata mstari kwa mstari."

Akafungua mwongozo kwenye simu, akasoma mwisho wake kwa sauti: "Asanteni. Kabla ya kuandika amri hiyo hapo juu, hifadhi nakala." Halafu akasoma majina yangu yote matatu, yaliyoandikwa chini yake.