Yule Aliyekuwa Akishindwa Kikwajuni

Habari ya kifo niliipata Mlandege, nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi, na aliyenipa hakutaja jina. Alisema tu, "Yule mshinde wetu wa Kikwajuni katangulia mbele ya haki. Anazikwa baada ya Alasiri." Hakuna aliyeuliza ni nani. Kwa watu wa umri wangu mshinde wa Kikwajuni ni mmoja tu: fundi magodoro, mwembamba kama ufito, ambaye kwa miaka miwili mitatu baada ya Mapinduzi alikuwa akipanda ulingoni kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, akapigwa mieleka na hamali wa bandarini aliyekaa Bububu, mtu mwenye mabega ya kuziba mlango. Alishindwa kila mara. Hakupata kushinda hata siku moja, na nusu ya mji ilikuwa ikienda kumtazama akishindwa.

Nilikwenda kuzika. Msomaji anajua jinsi tunavyochukua jeneza letu: kila mtu anatia bega, anakwenda hatua chache, anampisha mwenzake apate thawabu. Siku ile palikuwa na mtu mmoja aliyekataa kupokewa. Yule hamali wa Bububu, ambaye sasa ndevu zake zimeingia mvi, alishika mti wa mbele tangu mlangoni kwa marehemu mpaka kaburini, na kila aliyemgusa mkono kutaka zamu alitikisiwa kichwa. Tulipokwisha kufukia, mzee mmoja wa ukoo akasimama akasema, kama ilivyo desturi, "Jamaa zangu, marehemu alikuwa binadamu. Kama kuna mtu aliyekosewa naye, tunamtakia radhi. Mmemsamehe?" Watu wakaitikia, "Tumemsamehe!" Na mimi nikaitikia, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilikuwa nimeshaanza kukung'uta udongo viatuni ndipo nilipoelewa nilichokisema. Pale makaburini, baina ya umati wote ule, aliyekuwa na kosa zito baina yake na marehemu nilikuwa mimi, na kosa lilikuwa langu. Miaka sita nimeshindwa kumwendea kumtaka radhi. Alipokwisha kufukiwa, nikamsamehe.

Wasomaji wangu wa zamani huenda wanaikumbuka makala yenyewe. Naomba Mungu wawe wameisahau, lakini mwandishi hana bahati hiyo. Watu husahau mazuri yake yote wakashika moja baya. Wakati ule nilikuwa sijakaa sana tangu nirudi masomoni. Shahada yangu nilikuwa nimeitundika ukutani, mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kuikosa (leo mchwa wameila upande wa jina, na sijaona haja ya kuwafukuza). Nilikuwa nikiamini kwamba kazi ya msomi ni kuwafumbua watu macho, na nikizunguka mjini nikitafuta macho yaliyofumba.

Mieleka ya Kikwajuni ilinifaa sana. Ulingo wenyewe ulikuwa mbao juu ya mapipa, kamba za usumba wa nazi pande nne, na katikati godoro kubwa la sufi alilolishona marehemu mwenyewe. Watu wa mjini walikaa upande mmoja wakimshangilia fundi. Watu wa shamba walikuja kwa gari kutoka Bububu kumshangilia hamali. Wawili hao walikuwa maadui wa kutajwa. Wakikutana njiani hawakuamkiana, na mtu wa Unguja asiyemuamkia mwenzake ni jambo zito kuliko ngumi. Mmoja akiingia msikitini kwa mlango huu, mwengine atatokea ule. Ulingoni hamali alikuwa akimnyanyua fundi juu ya kichwa, akamzungusha, akambwaga. Kina mama waliokuwa madirishani walikuwa wakipiga yowe. Fundi hulala kimya kidogo, mpaka mtu aseme, "Leo kamuua!" Halafu kidole kimoja kinacheza, kisha mkono, kisha yuko juu kwa miguu yake, na watu hupiga makofi kuliko walivyompigia aliyeshinda.

Kisha mama yake fundi akafa. Nilimjua fundi kwa kujuana kwa mtaani tu, lakini nilikwenda kwenye hitma, nikasoma, nikala pilau, na lilikuwa pilau zuri. Nikaenda uani kutafuta maji ya kunawa. Nyuma ya masufuria, katika moshi, nikamwona yule adui, hamali wa Bububu, amejifunga kikoi kifuani, amelowa jasho, anakoroga pilau kwa mwiko mrefu kama kafi. Fundi alikuwa amesimama naye, amemwekea paji la uso begani, analia bila sauti. Hawakuniona. Mwenye akili angerudi alikotoka. Mimi nilinawa, nikarudi nyumbani, nikaandika.

Niliandika kwamba mieleka ya Kikwajuni ni mchezo wa kupangwa. Kwamba maadui wale ni masahibu. Kwamba mmoja anampikia mwenziwe pilau. Kwamba fundi magodoro haogopi kuanguka kwa kuwa anakijua anachokiangukia. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma kwa sauti mara tatu peke yangu chumbani, nikacheka. Gazeti lilipotoka nikaliacha mezani, kama kwa kusahau, mke wangu alione.

"Umeandika wewe haya?" akaniuliza.

"Naam," nikasema, nikingoja sifa.

"Na hukuuliza kwa nini alikuwa jikoni?"

"Si kwa kuwa ni marafiki? Ndiyo habari yenyewe."

"Marafiki!" Akaliweka gazeti chini kama mtu anavyoweka kitu kilichooza. "Yule bibi kawanyonyesha wote wawili. Mama yake hamali alikufa kwa uzazi, yeye akalelewa kwa ziwa la mamake fundi. Yule alikuwa anamfanyia hitma mamake wa kunyonya, kajificha nyuma ya masufuria asiwaharibie watu mchezo wao. Na wewe, uliyekula pilau lake, umemwanika. Hiyo skuli kubwa hawakukufundisheni kuuliza?"

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa, na nikaijua, na bado sikufanya kitu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ule nilikwenda kutazama kazi ya kalamu yangu. Hamali alipompandisha fundi mabegani, sauti moja ikatoka nyuma: "Taratibu, utamwaga pilau!" Watu wakaangua kicheko. Fundi akabwagwa, akalala kimya, na badala ya yowe akasikia, "Amka, mchuzi unapoa!" Nilimwona akifumbua jicho moja na kulifumba tena, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Aliinuka. Hakuna aliyepiga makofi. Mwezi wa pili walikuja watu wachache, na wa tatu hawakuja hata hao. Mbao za ulingo zikachukuliwa kujengea mabanda ya kuku, na lile godoro, nasikia, lilikatwa vipande likawa mito.

Halafu, kwa kusudi kabisa, mke wangu akamwita fundi aje kutushonea godoro letu. Alikuja asubuhi, akalipasua, akamwaga sufi uani na kuanza kulipiga kwa fimbo. Nilitoka nikiwa nimeshaipanga hotuba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bwana."

"Fundi, ile makala yangu..."

"Nalisomewa." Akaendelea kupiga. "Umeandika kweli tupu. Hamna hata neno moja la uongo mle."

Sikuitegemea hiyo.

"Lakini nnakuuliza moja, Bwana. Ulidhani watu hawajui?" Akasimamisha fimbo. "Walikuwa wakijua. Bibi harusi akilia siku anayotoka kwao, nani asiyejua kuwa moyoni anacheka? Umepata kumsikia mtu akamwambia, 'Wee, nyamaza, waongopa'? Walikuwa wakijua na wakitusitiri. Na sisi tukijua kuwa wanajua. Sasa imeandikwa, hawawezi tena kutusitiri. Ndiyo hivyo tu." Kisha akachota sufi kiganjani, akalitazama. "Hili sufi lako lina mbegu. Utakuwa hulali vizuri."

Nikacheka, kwa shukrani kwamba mazungumzo yamehama. Radhi ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaimeza pamoja na vumbi. Nikajiambia kwamba nitamtaka radhi siku atakayomaliza kazi, lakini siku hiyo nilikuwa na safari. Tangu hapo tulikutana Mlandege mara nyingi. Yeye aliniamkia kwa heshima kila mara, na mimi nilijibu kwa haraka, kama mtu anayewahi mahali.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilifanya vile, na jawabu haliniridhishi. Miaka ile mjini palikuwa na mambo mengi ya kufumbua, makubwa kuliko godoro la sufi. Sikuyafumbua. Nilichagua uongo mdogo kuliko wote, ambao mwenyewe hakuwa na la kunifanya, nikauita ushujaa. Wala sikuona mieleka ile ilikuwa ikiwafanyia nini watu. Mji ulikuwa umetoka kuona watu wakianguka kweli, wengine wasiinuke, na kila nyumba ilikuwa na lake la kunyamazia. Mara moja kwa mwezi watu wa mjini na wa shamba walikaa kuuzunguka ulingo mmoja, wakamtazama mtu akianguka vibaya kuliko wote, wakamngoja, naye akainuka. Walijua ataamka. Hicho ndicho walichokijia. Mimi nikawaambia si kweli, wakati kweli walikuwa wakiiona kila siku bila ya msaada wangu.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda kwenye hitma yake. Safari hii sikutafuta maji ya kunawa. Nilikwenda uani kwa makusudi. Hamali alikuwa pale pale nyuma ya masufuria, na mwiko ule ule.

"Karibu, Bwana Mwandishi," akasema bila ya kugeuka. "Umekuja kutazama nani yuko jikoni?"

"Nimekuja kutaka radhi."

"Kwa nani?"

"Kwake. Na kwako."

"Kwake umechelewa." Akakoroga. "Ile siku ya mvua ulikuwapo, sivyo?"

Nilikuwapo. Lilikuwa pambano baya kuliko yote, katikati ya masika, watu hawakufika hamsini, wamejifunika magunia. Nililitaja katika makala yangu kuwa ni ushahidi wa udanganyifu wenyewe.

"'Mmoja kasimama kama mnazi,'" akasema hamali, "'na mwengine anajirusha kama aliyepandwa na mashetani.' Ndivyo ulivyoandika. Nimeyahifadhi kama juzuu. Basi nkwambie. Asubuhi ile bandarini gunia la karafuu liliniangukia, bega likahama. Mkono huu sikuweza kuunyanyua hata kufunga kikoi. Nikamwendea ndugu yangu, nikamwambia leo tuvunje. Akanambia, watu wa Bububu washapanda gari, wanakuja na mvua hii, tutawarejesha vipi? Akanambia, 'Wewe simama tu. Hata usinishike. Mimi n'taanguka.'"

Akakwangua chini ya sufuria.

"Kanirukia mwenyewe, kajizungusha mwenyewe, kajibwaga mwenyewe. Godoro limerowa maji, gumu kama sakafu. Nikawa namwambia sikioni, 'Basi, yatosha.' Ananijibu, 'Bado hawajapiga makofi.' Watu wakarudi kwao wanasema hamali leo kafanya maajabu. Wiki nzima alikuwa halali chali. Na hakuna aliyejua, Bwana, hata wewe uliyejua kila kitu."

Sikuweza kumtazama. Akanitia mwiko mkononi. "Koroga, usiwache likashika chini. Na kuandika sikukatazi. Lakini safari hii andika ile ya mvua."

Basi naiandika, kama nilivyopaswa kuiandika siku ile. Katika masika, kwenye kiwanja cha Kikwajuni, mbele ya watu wachache waliorowa, mtu mwembamba alimbeba mtu mnene kwa karibu nusu saa, na namna aliyombeba ni kwa kuanguka yeye. Alimfanya mgonjwa aonekane simba. Alianguka kwa ubavu, kwa mgongo, kwa bega. Kila alipoanguka alilala mpaka watu wakaingia hofu, na kila walipoingia hofu akainuka. Mwisho alibaki chini, akainua kiganja kwamba amekubali, na watu wa Bububu, maji yanawachuruzika usoni, walimpigia mtu wao makofi mpaka wakachoka. Nilikuwapo, macho yangu wazi, na sikuona kitu. Sasa nasema niliyopaswa kuyasema: lilikuwa pambano zuri kuliko yote niliyopata kuyatazama, na mshinde wake, kama kila mara, alikuwa fundi.

Funzo, kwa wanaolitaka, ni fupi. Ukimwona mtu kajificha jikoni katika hitma, muulize kwanza anamlilia nani. Na kama una radhi ya kumtaka mtu, mwendee leo, angali anaweza kukujibu. Mimi nilimwendea wangu akiwa hawezi tena kuinuka, na nilisimama pale kaburini kwa muda, watu wote wameshaondoka, nikingoja kidole kicheze.