Godoro la Majani kutoka Bungu

Juzi jirani yangu hapa mjini aliwaletea sungura wake mzigo wa majani makavu. Harufu ikapenya dirishani hadi jikoni, nilikokuwa nikichambua mchicha, nami nikauacha mchicha. Ndugu msomaji, mimi ni mama wa watoto watatu, lakini harufu ile ikinifikia nashikwa na aibu ya mtoto wa miaka tisa.

Ni harufu ya godoro langu. Shangazi yangu wa Bungu alinishonea godoro dogo la majani, nikarudi nalo kwetu Mgwashi nimelikumbatia, njia nzima likinichoma mashavu. Nilijiona tajiri. Ila nilikuwa kikojozi, na wiki tatu hazikwisha kabla godoro halijaanza kunisema kwa kila aliyeingia ndani. Asubuhi moja, mama akiwa shambani, nililipasua, nikayamwaga majani yote kandokando ya malisho. Aliporudi nikamwambia limeliwa na panya.

“Panya wa nyumba hii wana nguvu,” mama alisema, akaendelea kumenya viazi.

Malisho yale tuliyatumia pamoja na jirani yetu, Baba Zuhura, ambaye binti yake alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba Zuhura na baba yangu walikuwa wameikata miti ya miwati iliyoyafunika, ili ng'ombe wapate nafasi. Mvua zilipokuja, pakaota nyasi zenye masuke mekundu, ndefu kunipita mimi. Zilipokomaa, ng'ombe walizinusa wakageuza shingo. Maziwa yakapungua, na kwetu maziwa ndiyo yaliyotuvalisha sare za shule.

Baba akawaka. Akasema gugu lile limeletwa na ndama ambaye Baba Zuhura alimtoa bondeni, Korogwe. Baba Zuhura akaapa hakuleta kitu. Basi hawakuamkiana tena, na kwetu Usambaani mtu ukimnyima salamu umemnyima vyote. Mimi na Zuhura tukakatazwa hata kwenda kisimani pamoja.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” baba alirudia kila jioni akiitazama nyumba ya ng'ambo, huku nami nikimbandua mbegu za nyasi kwenye sweta lake. Sweta lile alilivaa kiangazi kizima kabla ya mvua zile, alipokuwa akishuka Korogwe kumfuatia ng'ombe wetu magunia ya majani makavu. Mbegu ziling'ang'ania sufu hata lilipofuliwa.

Mimi nilinyamaza. Nilijua aliyeleta nyasi zile ni nani, na kila nilipomwona Zuhura akipita peke yake na ndoo yake, nilijificha nyuma ya mlango.

Ndipo akaja dada mmoja mtafiti. Alikuwa akizunguka milimani na mabondeni kuchunguza jinsi nyasi zilivyoenea zamani. Alichuma jani hapa na jani pale, akayatia kwenye vibahasha vyenye chembechembe za kukaushia.

“Mtafute aliyezileta,” baba alimwambia. “Nataka nimjue kwa jina.”

Dada akacheka. “Mzee, majani nayo yana ukoo. Tukiyapima vinasaba, yatasema yenyewe kwao ni wapi. Nitachuma na ya Korogwe na ya Bungu, niyalinganishe.”

Aliposema Bungu, nililikumbuka godoro langu, nikakimbilia ndani. Miezi yote aliyokuwa hayupo nilimwomba Mungu, kila nilipotoka madrasa, vibahasha vile vipotee.

Havikupotea. Dada alirudi, akatuita sote malishoni. Sisi tukasimama upande huu, akina Zuhura upande ule.

“Nyasi hizi si za Korogwe, wala si za Bungu,” alisema. “Zina ukoo wao wa hapahapa. Zilikuwepo kabla ya mashamba, kabla ya babu wa babu zenu. Miwati ilizinyima jua, zikabaki kidogo kwenye mawe. Mlipoikata, zikarudi kwao. Zikateni zikiwa changa, ng'ombe watazila.”

“Kwa hiyo hakuna aliyezileta?” baba aliuliza.

“Hakuna.”

Baba akakaa chini palepale, kwenye nyasi zilizoloa, akashusha pumzi ndefu. Mimi nilishusha yangu nikalia kwa furaha, mama akadhani nimechomwa na mwiba. Kisha baba akainuka, akavuka hadi upande wa pili.

“Onga mshi, ndugu yangu,” akamsalimu kwa Kishambaa. “Nimekukosea.”

“Ni vedi,” Baba Zuhura akaitikia, akampa mkono. Mimi na Zuhura hatukusubiri zaidi, tulikwishachukua ndoo.

Miaka yote nilidhani siku ile baba alikalishwa chini na aibu ya kumsingizia mwenzake. Juzi, nilipouacha mchicha, nikalikumbuka sweta lile lenye mbegu, nikampigia simu.

“Shikamoo baba. Zile nyasi nyekundu, ulidhani ni wewe uliyezileta?”

“Nilijua ni mimi, mwanangu. Kila nilipomlaumu mwenzangu, nilikuwa naogopa mtu asije akaliangalia sweta langu.”

Moyo wangu ulimwonea huruma, na ukajionea huruma wenyewe. Tulikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja na hofu ileile, na aliyepaza sauti zaidi ndiye aliyeogopa zaidi. Nikamsimulia habari za godoro, ukojozi na vyote.

Baba alicheka mpaka akakohoa.

“Basi na wewe vuka ng'ambo,” akasema, “ukawaombe radhi panya wa mama yako.”