Vifaranga na Mchwa wa Mama Mkwe

Nilipoolewa Kariakoo, enzi za Mwingereza, mama mkwe alinikagua viganja akasema mbele ya watu, "Mkono huu haufugi kitu." Kwake yeye watu ni wa namna mbili: wenye mkono wa kufuga, na wanaogusa kifaranga akafa. Nyumba ilikuwa yake, vyumba sita, na neno lake lilienea uani upesi kuliko moshi. Wanawake waliokuja kuazima kinu walinitazama mikono kama nina ukoma.

Nikaenda kwa shangazi yangu Magomeni, nikaazima kuku aliyetaka kuatamia. Akaangua vifaranga kumi na mmoja. Mama mkwe akawahesabu, akacheka.

"Tutaonana wiki ijayo, bi harusi."

Chumba cha mbele alipanga karani wa serikali, kaptula yake imepigwa pasi hadi inaweza kukukata. Akaja kunifundisha. Mke wa bwana wake Mzungu, alisema, huwapa vifaranga kiini cha yai na mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

"Na wanao wanakula nini?"

"Uji, shemeji."

"Wa maziwa?"

"Wa maji."

"Basi waombee wageuke vifaranga."

Hakurudi kunifundisha tena.

Mimi niliwapa chenga za mtama nilizotwanga laini. Maji niliyaweka kwenye kifuniko cha mkebe, kina cha ukucha, maana kifaranga ni mjinga, huzama kwenye maji ya kunywa. Mchana niliwafunika kwa tenga, mwewe asiwaone. Lakini kifaranga hakui kwa nafaka tupu. Anataka nyama, na nyama yake ni mchwa.

Kwetu mchwa hutegwa. Unajaza samadi na makuti makuukuu kwenye chungu kibovu, unamwagia maji, unakifudikiza palipo na mchwa, na asubuhi unakifunua. Nami nilikuwa nimeona njia ya mchwa chini ya kiambaza cha udongo cha chumba cha mama mkwe. Walikuwa wachache. Nikafudikiza chungu papo hapo, nikalowesha kila jioni, wakawa wengi.

Vifaranga walinenepa. Nilipofunua chungu walikimbilia kama watu walioona sinia la pilau. Mama mkwe alipita kila asubuhi kutafuta maiti, akawahesabu, na kila asubuhi hesabu ilimkera. Manyoya ya mbawa yakaota, wote wangali kumi na mmoja.

Ijumaa moja alikuwa na wageni chumbani, akina mama wa mtaa, wamekaa mkekani wakinisema. Mimi niko uani, nasikia. Akaegemea kiambaza ili acheke vizuri. Kiambaza kikapasuka, na kiwiko chake kikatokea upande wangu, pamoja na bangili mbili. Mchwa wakamwagika. Vifaranga wangu, ambao hawana adabu, wakaja mbio wakadonoa kila kitu.

"Nani ananidonoa?" akauliza kutoka ndani.

"Vifaranga wako, mama."

"Wangu tangu lini?"

"Wamelishwa nyumba yako, mama. Ni wako."

Nikajua nimekwisha. Mke aliyebomoa nyumba ya mkwe hurudishwa kwao na mzigo wake kichwani. Wageni wakatoka kutazama. Waliona chungu, wakaona shimo, wakaona na kuku kumi na mmoja wenye vifua kama makofia. Mmoja akaanza kuwahesabu kwa sauti.

Mama mkwe akatoka mwisho, anapangusa udongo. Alinitazama, akawatazama kuku, akawatazama wenzake waliokuwa wakingoja.

"Huyu ana mkono," akasema. "Amefuga mchwa mpaka wamebomoa nyumba, sembuse kuku. Lete udongo, mwanangu, uzibe."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nilikuwa bado nakanda udongo jirani mmoja alipokuja na kifaranga wake aliyedhoofu, amemfunga kwenye upindo wa kanga. Mama mkwe akamkalisha jirani barazani.

"Subiri," akamwambia. "Mwenye mkono anakandika ukuta."