Nani aliwatuma mng'oe hita yangu?

Nyinyi watoto wa siku hizi, mnahamisha vitu vya mama mzee bila kumuuliza, nani aliwafunza hiyo tabia?

Leo nimetoka kuchuma majani chai, nikapata fundi wa stima chumbani kwangu.

Anang'oa hita ukutani! Ile mwanangu Munene aliniwekea, maana baridi ya Kibugu haina heshima kwa mzee.

Nikamfuata. Mwizi hufuatwa polepole.

Akaibeba mpaka kile chumba kidogo cha magunia. Bibi ya Munene, Muthoni, amesimama hapo na tumbo lake kubwa.

"Toboa hapa, fundi. Hapa ndipo Cucu atalala."

Eti nini? Cucu, yaani nyanya, ni mimi! Hata huyo fundi ananiita Cucu.

Kumbe natupwa kwa magunia?

Nikamwambia, "Muthoni, hii nyumba niliijenga na chai yangu. Sihami!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mami, si wewe. Ni huyu." Akagusa tumbo.

Wameambiwa ni msichana. Na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, ndiye mimi. Kwa hivyo tayari wanamwita Cucu.

Machozi yalitaka kutoka, nikayakataza. Bado nina swali: Cucu mdogo aote moto, Cucu mkubwa agande?

Nyinyi mnaosoma, semeni kama nimekosea.

Munene, fundi arudi kesho. Hita irudi kwa ukuta wangu, na kitanda cha mtoto kiletwe kando ya changu.