Kipaza Aja Kumwomba Mkewe Radhi

Shemeji yangu ni mshereheshaji wa harusi, na mtaani wanamwita Kipaza. Mpe maiki uone anavyochangamka. Mnyang'anye, anabaki kama redio iliyoishiwa betri. Sina hamu naye, na hilo nasema wazi.

Kila anapokaa anahubiri kanuni ya kazi yake: mzungumzaji hawapi wasikilizaji mgongo. Awatazame usoni, awaulize, kisha angoje waitikie. Ukumbini sawa. Nyumbani je? Mkewe, mdogo wangu wa tumbo moja, akimwambia mtoto ana homa, bwana huyu kwanza anaangalia kama sebuleni kuna mgeni. Kama hayupo, anajibu "mmh" na kuendelea kula. Sifa kutoka kinywani mwa mumewe mdogo wangu amezisikia harusini tu, akiwa meza ya nyuma, wakipewa wageni wa watu.

Alipochoka, alifungasha nguo akaja kwangu. Alitaka jambo moja: mumewe aje, akae naye, aseme na yeye. Akifanya hivyo atarudi. Nilimpigia simu shemeji nikamweleza polepole, kama unavyomtuma mtoto dukani.

Akaja na suti ya kazi. Sebuleni akamkuta shangazi yetu, pamoja na majirani waliokuja kuazima pasi, ingawa umeme ulikuwa umekatika. Kuona watu, uso ukamng'aa. Mdogo wangu akasogea kumpa nafasi kwenye kochi. Kipaza hakukaa. Alisimama mbele ya mkewe, akageukia kwetu, mdogo wangu akabaki anatazama mshono wa koti.

"Wapendwa mliofika," akaanza, "mwanamke huyu ndiye nyumba yangu. Nimemkosea, tena sana. Tangu aondoke hata chai haipandi. Jamani, arudi, asirudi?"

"Arudi!" wakaitikia majirani. Shangazi, aliyemwita mpuuzi asubuhi ile ile, alikuwa anafuta machozi. Kusema kweli alisema vizuri, na ndicho kilichonikera zaidi.

"Sijasikia!"

"Arudi!"

Mdogo wangu akainuka, akamzunguka mpaka wakatazamana.

"Umemaliza?"

Kipaza alichungulia juu ya bega lake, akitutafuta sisi.

"Haya, baba watoto. Hao waliokuitikia, kaishi nao."

Akaingia chumbani, akafungua begi, akaanza kupanga nguo zake kwenye kabati langu.